Mwaka wa Lenzi ya Kuazima

Nyambura alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa jikoni nangoja maziwa yachemke, na kabla hajasema neno nilijua. Mtu ambaye hajakupigia kwa miaka kumi na mitatu hakupigii kukusalimu. Aliniambia kwamba baba yake, Mzee Kamande, amepumzika, kwamba maombi yanafanyiwa nyumbani Kamenu kila jioni na mazishi ni Ijumaa huko Ngoliba. Kisha akaongeza, kwa ile sauti ya karani wa shule niliyokuwa nikiikumbuka, kwamba nikija nije na kamera. Hakutaja lenzi. Mimi ndiye niliyeitaja, moyoni, kwa sababu ilikuwa kabatini nyuma yangu, imefungwa ndani ya soksi, na haikuwa yangu. Maziwa yakafurika. Niliyatazama yakizima moto kana kwamba yalikuwa ya mtu mwingine.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Hazina makosa ya kuvutia. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Katiba yetu inamhesabu mtu kuwa kijana mpaka afike thelathini na mitano, kwa hiyo nina haki ya kuuita mwaka wa ujana, ingawa nywele zilikuwa tayari zimeanza kuniaga. Nilikuwa nimeachishwa kazi ya uhariri katika kampuni ya vitabu vya shule Nairobi, nikahamia Ruiru, chumba kimoja kwenye orofa ya nne ya jengo ambalo mwenyewe alikuwa bado hajaamua kama limekwisha. Vyuma vya orofa ya tano vilitoka kwenye paa vikingoja. Nilikuwa na kitanda, meza, jiko la gesi la mtungi mdogo, madumu manne ya maji yaliyojazwa Jumanne na Ijumaa, na mirundo ya tasnifu za wanafunzi wa chuo nilizokuwa nikizisahihisha, ambazo zote, bila kujali somo, zilianza kwa kusema kwamba suala hili halijawahi kutafitiwa vya kutosha. Asubuhi nilikunywa chai na mkate. Mchana nilikula ule mkate uliobaki. Jioni nilishuka kununua chapati mbili na maharagwe kwa mama mmoja aliyepikia chini ya ngazi, na yeye ndiye mtu pekee niliyeongea naye siku nyingi. Mazungumzo yetu yalikuwa, "Mbili?" na "Mbili."

Kando yangu, nyuma ya ukuta mwembamba kama ahadi, waliishi mke na mume kutoka Kakamega. Mume alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Nilijua jina la msimamizi wake, nilijua alivyoumwa na mgongo, nilijua kwamba mkewe humwekea chai sukari kidogo kuliko anavyotaka na kwamba yeye mume amekwisha kukata tamaa ya kumbadilisha. Tukikutana kwenye ngazi tulisema habari, nzuri, tukapishana. Jioni moja nilimsikia mume akiuliza, "Huyu wa hapa kando bado yuko?" Mke akajibu, "Yuko. Juzi nilisikia akikohoa." Mume akasema, "Sawa. Nilidhani alihama." Tangu siku ile nilikuwa nikikohoa mara moja hivi kila jioni, kwa adabu.

Kamera niliinunua katika hali hiyo. Nilikuwa Githurai 45 kununua viazi, nikaona katika kibanda cha simu kamera ndogo nyeusi, safi, isiyo na kioo ndani kama zile kubwa za wapiga picha wa harusi. Aliyeiuza aliniambia hii ndiyo teknolojia mpya, kamera isiyo na kioo, nyepesi kama sabuni. Mimi, mwenye shahada mbili, nilisikia neno "mpya" nikaacha kusikiliza. Nilifika nyumbani, nikafungua kile kifuniko cha plastiki mbele, nikakuta shimo. Nilikuwa nimenunua kamera isiyo na lenzi. Nilirudi kesho yake na yule kijana akanitazama kwa huruma ya kweli. Lenzi zake, akasema, huuzwa kando, na ni ghali kuliko kamera yenyewe. Kisha akakumbuka kwamba kuna mzee mmoja Thika, alikuwa na studio Kamenu zamani, pengine ana lenzi kuukuu.

Mzee Kamande alikuwa amefunga studio miaka michache kabla, simu zilipoanza kupiga picha. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya studio, na sebule ilikuwa bado na lile pazia la kupigia picha lililochorwa maporomoko ya maji, sasa likitenganisha viti na kitanda cha wageni. Alinipokea akitazama kidogo kando ya sikio langu, kwa sababu ugonjwa wa presha ya macho ulikuwa umeanza kumla, akawa anauona ulimwengu kama mtu achunguliaye kwenye tundu la funguo. Nilimweleza shida yangu. Hakucheka, mkewe ndiye aliyecheka, jikoni, kisha akatuletea githeri, mahindi na maharagwe ya moto. Mzee akatoa kwenye sanduku kamera ya chuma ya miaka mingi, ya aina ile ambayo mpiga picha haangalii kupitia lenzi bali kupitia kidirisha kidogo kando yake, anaona picha mbili za mtu mmoja, na anazungusha pete ya lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja. Ndipo anapojua umbali ni sawa. Kamera ilikuwa imekufa, lakini lenzi yake, ndogo kama kikombe cha dawa ya kikohozi, ilikuwa hai. Akanieleza kwamba lenzi za namna ile zilitengenezwa kukaa karibu sana na filamu, na kamera kubwa zenye kioo ndani haziwezi kuzikubali kwa sababu kioo kinakula nafasi. Hiyo yangu, isiyo na kioo, ingeweza. Kilichohitajika ni pete tu ya kuziunganisha. "Nakuazima, Mwalimu," akasema. "Sikupi." Sikuwahi kuwa mwalimu, lakini mtu anayesahihisha maandishi ya wengine, kwake, hakuwa na jina jingine.

Pete tulichongewa na Musyoka, fundi wa vyuma aliyekuwa na mashine yake karibu na eneo la viwanda. Mzee aliruhusu tufungue mdomo wa ile kamera iliyokufa, ule unaoshika lenzi. Mimi nikatoa kile kifuniko cha plastiki, tukakitoboa. Na katikati ya hivyo viwili Musyoka akachonga pete ya alumini kutoka pistoni ya lori. Unene wa pete hiyo ndio ulikuwa kila kitu. Ikiwa nyembamba mno, lenzi inapitiliza alama zake za umbali. Ikiwa nene mno, lenzi inaona vya karibu tu, na kila kilicho mbali kinabaki ukungu hata ufanyeje. Musyoka alipima, akapima tena, akasema imezidi kidogo lakini chuma kikishakaa kitatulia. Nikamuuliza imezidi kiasi gani. "Nusu mili, boss," akasema, akipuliza vumbi la chuma. "Nusu milimita haiui mtu."

Mzee alikuwa na sheria moja kuhusu jambo hilo. Pete ya lenzi huishia kwenye alama ya nane iliyolala chali, maana yake umbali usio na mwisho, na kwa wapiga picha wa Thika umbali usio na mwisho ulikuwa na jina: Kilimambogo. Enzi zake, akasema, kila lenzi iliyotengenezwa ilipelekwa kwanza juu ya paa la studio, ikaelekezwa kwenye ule mlima upande wa mashariki, na kama mgongo wake haukuonekana wazi kama makali ya panga, lenzi ilirudi mezani. "Usiipeleke kwa watu kabla haijaona Kilimambogo," aliniambia. "Lenzi isiyoona Kilimambogo ni miwani ya kusomea." Leo hata ukipanda lile paa huoni kitu. Maghorofa yamekula mashariki yote, na sijui wapiga picha wa Kamenu siku hizi wanapimia nini mwisho wa dunia.

Pete ilikamilika mwishoni mwa Juni. Anayeijua Thika anaijua Julai yake: wiki nzima hujaliona jua, wingu limekaa juu ya paa kama kuku anayeatamia, na watu wanazungumza ndani ya makoti. Kilimambogo haikuwepo. Nilipanda paa la Mzee Jumapili ya kwanza, ya pili, nikashuka nikiwa nimelowa manyunyu. Mkewe alikuwa akiniwekea chai nzito yenye tangawizi na kuniambia mlima hauna miguu, utanisubiri. Zilikuwa Jumapili nzuri. Nyambura alikuwa akija kutoka kanisani, anavua viatu mlangoni, ananiuliza kama nimeuona mlima, na nikisema bado anasema, "Basi rudi wiki ijayo," na mimi nilirudi Ruiru na maneno hayo nikiyageuza mdomoni kama peremende. Ndani ya chumba changu nilijaribu lenzi kwenye madumu, kwenye sufuria, kwenye kalenda ukutani. Kila kitu kilitoka vizuri ajabu. Hakukuwa na kitu chumbani mwangu kilichokuwa mbali zaidi ya mita tatu.

Kisha mke wa Mzee alianguka jikoni siku ya Jumatano, na Alhamisi alikuwa amekwenda.

Mzee aliniita, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniomba nipige picha za mazishi. Vijana wa video hakuwataka. Walikuwa na kelele. Lile tundu la macho yake lilikuwa sasa karibu kuziba, na daktari alikuwa amemwambia kuna upasuaji unaoweza kujaribiwa mwaka unaofuata, na macho yake yakirudi alitaka azikute picha hizo zikimngoja. "Nitamzika bila kumwona, Mwalimu," akasema. "Wewe utaniwekea." Ningeweza kumwambia kwamba lenzi haijauona mlima. Ningeweza kumtafutia mtu mwingine mwenye kamera ya kawaida. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule mtu kunihitaji kwa jambo lisilohusu alama za nukta, na niliitikia kabla hajamaliza.

Shamba lao la Ngoliba liko chini kabisa ya Kilimambogo. Siku ya jua mlima unajaza nusu ya mbingu. Siku ile palikuwa na ukuta mweupe tu. Kwetu mazishi hayaishi mpaka kila kundi lipigwe picha kando ya jeneza na tena kando ya shada: msimamizi mwenye kipaza sauti aliita watoto wa marehemu, wajukuu, wakwe, akina mama wa kanisa na makoti yao na leso zao nyeupe, majirani wa Kamenu, na kila kundi lilijipanga safu mbili tatu na kunitazama. Lenzi ile kwenye kamera yangu ilikata dunia kipande chembamba, kwa hiyo kupata safu nzima nilirudi nyuma, nikarudi, mpaka mgongo ukagusa miiba ya ua wa kaiyaba. Palikuwa na giza la mawingu, nikaifungua lenzi yote iingize mwanga. Nilizungusha pete mpaka ikagota kwenye ile nane iliyolala. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kila mtu alionekana sawa. Kwenye kioo kidogo kila mtu huonekana sawa.

Ruiru, kwenye kompyuta, nilizifungua moja baada ya nyingine. Sufuria zilitoka vizuri sana. Mpishi mmoja akimwaga wali, unaweza kuhesabu punje. Mikono ya mtu akikata vitunguu. Mzee mwenyewe peke yake kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini, kila mvi ya kidevuni iko mahali pake. Na nyuma yake, na katika kila picha ya kundi bila kubakiza hata moja, watu hawakuwa watu. Walikuwa madoa ya rangi yaliyosimama kwa heshima. Kila kilichokuwa mbali zaidi ya mita tano kilikuwa kimeyeyuka. Jeneza lilikuwa kivuli cha kahawia. Nilikaa kitandani muda mrefu. Ukutani mume alikuwa akilalamikia chai. Nilisahau kukohoa, na baada ya muda nikamsikia mke akigonga ukuta mara mbili, polepole, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Sikujibu. Nimejilaumu kwa mengi ya mwaka ule, na hilo ninalo bado.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kamenu na picha zote kwenye sidii, kwa sababu mtu hawezi kwenda matangani mikono mitupu, hata kama anachobeba ni kibaya kuliko mikono mitupu. Mzee alikuwa ameketi chini ya maporomoko ya maji. Aliipokea ile sidii, akaipapasa ukingo wake kwa kidole gumba, kama alivyozoea kupapasa filamu.

"Zimetoka?" akauliza.

Nyambura alikuwa amesimama mlangoni na birika. Nilimtazama Mzee, na yeye alitazama kando ya sikio langu.

"Zimetoka, Mzee," nikasema.

Mwezi wa Agosti mawingu yaliinuka asubuhi moja, nikapanda paa la jengo letu Ruiru kati ya vile vyuma vya orofa ya tano, na mbali, mashariki, Kilimambogo ilikuwa pale kama haikuwahi kuondoka. Kupitia lenzi ilikuwa donge la moshi. Nilishuka, nikautandaza msasa juu ya kipande cha kioo, nikaisugua ile pete ya Musyoka kwa kuizungusha, kidogo kidogo, nikipanda paa na kushuka, siku mbili, mpaka mgongo wa mlima ukawa makali ya panga. Kazi yote hiyo ilichukua siku mbili. Ningeweza kuifanya kabla ya mazishi, hata kwa kupimia paa la mbali. Septemba nilipata kazi Eldoret, nikaondoka bila kuaga, na lenzi ndani ya soksi. Nilijiambia nitairudisha Krismasi. Zimepita Krismasi kumi na tatu, na katika hizo nimeandika insha nyingi kuhusu uaminifu wa watu wengine.

Jumatano hii niliingia sebule ile ya Kamenu saa kumi na moja jioni, maombi yakiwa yamekwisha na akina mama wakikusanya vikombe. Pazia la maporomoko ya maji halikuwapo tena; palikuwa na televisheni. Ukutani palikuwa na picha moja tu kubwa, imetiwa fremu: Mzee kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini, na nyuma yake rangi zilizoyeyuka. Mtu asiyejua angedhani mpiga picha alikusudia. Nyambura, mwenye mvi nyingi sasa kuliko mimi, alinivutia kiti, akanipa chai na mkate uliopakwa siagi, akangoja nimeze.

"Zile picha niliziona Jumatatu ileile baada ya wewe kuzileta," akasema. "Kwenye kompyuta ya shule."

Nilimwambia nilijua kwamba angeziona.

"Sasa ulitaka nimwambie nini, Mwalimu?"

Alinisimulia kwamba upasuaji ule haukufaulu, kwamba baba yake alibaki gizani mpaka mwisho, na kwamba Nyambura aliponunua kompyuta ndogo, Mzee alikuwa akimwambia kila Jumapili baada ya chakula aifungue ile sidii. Mzee aliketi kando yake amekunja mikono. Nyambura akimaliza kumweleza picha moja, yeye alikuwa akisema, "Inayofuata." Hivyo ndivyo zilivyopita Jumapili zao, miaka.

"Sufuria nilimweleza kama zilivyo," akasema. "Sufuria sikuwa na haja ya kudanganya. Hao watu nilimwambia nani amesimama wapi, nani analia. Nyingine nilikuwa nakumbuka. Nyingine nilitunga."

"Na akaamini."

"Aliamini mpaka nikaongeza mlima." Aliweka kikombe chini. "Nilimwambia kwenye ile ya kaburini Kilimambogo imetokea vizuri, nyuma ya watu. Halafu akacheka, Mwalimu, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Siku hiyo wingu lilikuwa mpaka kwenye meza ya chakula.'"

Niliuliza akasema nini baada ya hapo.

"Akasema, 'Inayofuata.'"

Mama mmoja akapita kati yetu na sinia ya vikombe, akatuomba radhi. Nilitoa ile soksi mfukoni mwa koti, nikaiweka mezani kando ya mkate, nikasema hii ni yenu, niliazimwa. Nyambura aliifungua, akaitazama lenzi, kisha akaitazama soksi.

"Na soksi pia ilikuwa ya Baba?"

Nilikiri kwamba soksi ilikuwa yangu. Akaifunga tena vilevile ilivyokuwa, akanisukumia. "Itumie Ijumaa kwanza," akasema.

Ijumaa Ngoliba palikuwa na jua la Februari, kali, na mlima ulikuwa umekaa mbele yetu mzima, kila mfereji wa ubavuni mwake ukionekana. Nilifika mapema. Niliielekeza kamera huko kabla ya kusalimu mtu, nikazungusha pete mpaka ikagota, nikakuza picha kwenye kioo cha nyuma hadi mwisho, nikatazama mgongo wa mlima, nikautazama tena. Ibada ikaisha, kaburi likafukiwa, na msimamizi akaanza kuita makundi. Nilirudi nyuma mpaka kwenye ua, ule ule, umekatwa mfupi siku hizi. Familia ilijipanga safu tatu mbele ya shada, wazee nyuma, watoto wamechuchumaa mbele, na Nyambura katikati amevaa koti la mama yake. Nilipiga mara mbili.

Alitoka kwenye safu, akaja kwangu akipita juu ya udongo mbichi na viatu vyake vya kanisani, akasimama karibu.

"Zimetoka?"

"Angalia mwenyewe," nikasema, nikampa kamera.

Aliikuza picha kwa kidole kama nilivyomwonyesha, akaisogeza uso baada ya uso: watoto, yeye mwenyewe, safu ya pili, safu ya nyuma. Alichukua muda wake. Watu walikuwa bado wamejipanga, hawajui kama wameruhusiwa kutawanyika. Mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Huyu mjomba wa nyuma kabisa amefunga macho," akasema hatimaye, akinirudishia kamera. "Rudia."